Sanduku la Kuondolea Kutu: Namna ya Kulijenga kwa Fedha Chache

Kila mkulima ajua ya kuwa kutu ni adui wa chuma. Plau iliyolala nje msimu mmoja wa mvua huanza kubanduka magamba. Rimu ya baiskeli huliwa upande wa ndani. Mashine ya kupukuchulia mahindi hukwama kwa sababu kutu imeshika vyuma vyake. Kupaka rangi juu ya kutu ni kazi bure, maana kutu huendelea kula chini ya rangi, na baada ya miezi michache rangi yote huinuka. Ni lazima kwanza chuma kisafishwe mpaka kionekane cheupe.

Kwa jembe, panga na vyombo vidogo, brashi ya waya na kipande cha tofali vyatosha, wala mtu asijisumbue kwa mtambo wo wote. Lakini kwa vyuma vyenye pembe nyingi, matundu na mikunjo, brashi haifiki. Kwa vyuma hivyo iko njia ya kupuliza chembe ngumu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Chembe zikipiga chuma hung'oa kutu na rangi ya zamani hata katika pembe ambazo mkono hauwezi kuingia. Njia hii ilibuniwa na Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, naye aliandikiwa hakimiliki yake mwaka 1870.

Karatasi hii yaeleza jinsi wakulima wachache wakishirikiana wawezavyo kujenga sanduku la kazi hiyo kwa pipa kuukuu, kioo, na mpira wa gurudumu. Yaeleza pia mahali pawili ambapo haifai kabisa kupunguza gharama. Tafadhali isomwe yote kabla ya kukata pipa.

1. MCHANGA USITUMIKE

Watu wengi huita kazi hii kupuliza mchanga, na kwa ajili ya jina hilo mtu hufikiri kwamba mchanga wa mtoni au wa pwani ndio utakiwao, tena ni wa bure. Jina hilo linadanganya. Mchanga wa kawaida una silika nyingi ya fuwele. Chembe yake ikipiga chuma kwa nguvu huvunjika kuwa vumbi jembamba sana, lisiloonekana kwa macho, jembamba kuliko unywele mara nyingi. Vumbi nene huzuiliwa puani na kooni, mtu akalitema; lakini vumbi hili jembamba hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo.

Mapafu hujaribu kulizunguka vumbi hilo kwa makovu. Makovu huongezeka, mapafu hukakamaa, na pumzi hupungua. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena mtu mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na mwaka 1997 mabingwa wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani waliandika vumbi la silika ya fuwele miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa wanadamu.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 za kukataza mchanga wenye silika katika kazi ya kupulizia vyuma vya viwandani. Huko Uturuki vijana wengi waliajiriwa katika vyumba vidogo kupuliza mchanga juu ya nguo za jinzi ili zionekane kuukuu. Baada ya miaka michache tu wengi walikuwa hawawezi kupanda ngazi kwa kukosa pumzi, na baadhi yao wakafa wangali vijana. Serikali ya huko ikakataza kazi hiyo mwaka 2009. Vijana wale hawakuwa wachimbaji wa migodi; walikuwa wakishughulika na suruali.

Basi shika neno hili moja: mchanga usiingie katika sanduku hili, wala wa mtoni, wala wa pwani, wala wa kujengea, hata kama umeoshwa na kuchekechwa.

2. CHEMBE ZIFAAZO

Badala ya mchanga, nunua moja ya hizi:

(a) Chembe za oksidi ya alumini, ambazo ni kitu kile kile kinachofanyia mawe mengi ya kunolea. Ni ngumu sana, huondoa kutu nzito, na huweza kutumika mara nyingi.

(b) Chembe za garneti. Ni ngumu, hazina vumbi jingi, nazo pia hurudiwa mara kadhaa.

(c) Chembe za kioo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Bei yake ni nafuu, lakini huvunjika upesi. Usiponde chupa mwenyewe nyumbani, maana utapata vigae vikali na vumbi, wala hutapata chembe za ukubwa mmoja.

(d) Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa sana, yakasagwa na kuchekechwa. Haya hayaondoi kutu nzito, bali huondoa mafuta yaliyogandamana, uchafu na rangi laini bila kukwaruza chuma. Unga wake huweza kushika moto, kwa hiyo usitumike karibu na moto wala cheche.

Chembe zo zote zikae mahali pakavu. Zikishika unyevu hushikamana na kuziba mrija. Baada ya kutumika zichekechwe ndani ya chombo kilichofunikwa, ili magamba ya kutu yatoke, kisha zirudishwe.

3. KUCHAGUA NA KUKATA PIPA

Twaa pipa la chuma la lita 200, lile lenye mfuniko wa kuondoka unaofungwa kwa pete. Upana wake ni yapata sentimita 58, na urefu yapata sentimita 88. Mfuniko huo utakuwa mlango, nao una mpira wake wa kuzuia hewa tangu kiwandani. Hivyo umekwisha okoa fedha na kazi.

Utazame sana pipa lilikuwa na nini. Pipa lililotiwa petroli, dizeli, mafuta ya taa au rangi lisikatwe kamwe, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka kwa cheche moja na kumwua mkataji. Pipa lililotiwa dawa za kuulia wadudu au magugu lisichukuliwe pia, maana sumu hukaa katika chuma. Twaa lililokuwa na chakula, sabuni au maji ya matunda, ulioshe kwa maji ya moto na magadi, ulianike siku mbili.

Lilaze pipa ubavu juu ya kitanda cha mbao chenye miguu minne, mfuniko ukiwa upande wa mkono wako wa kulia. Kimo cha kitanda kipimwe kwa mtu mwenyewe: asimame, akunje mikono, na matundu ya mikono yawe sawa na viwiko vyake. Akiinama kutwa nzima mgongo utamwuma, naye ataiacha kazi.

Chora kwa chaki kabla ya kukata. Upande wa mbele, weka matundu mawili ya mikono, mapana sentimita 16, katikati ya moja mpaka katikati ya jingine ziwe sentimita 38. Juu yake, chora dirisha la sentimita 20 kwa 40. Chini ya pipa, chora nafasi ya sentimita 30 kwa 50 kwa ajili ya faneli. Kata kwa tindo na nyundo au kwa msumeno wa chuma, kisha ulainishe kingo zote kwa tupa, kwa kuwa ukingo mkali utakata glavu siku ya kwanza.

4. DIRISHA, MIKONO NA TAA

Pipa ni la mviringo na kioo ni bapa. Kwa hiyo ufanye fremu ya mbao, upande wake wa chini ukichongwa kufuata mviringo wa pipa, na upande wa juu uwe bapa. Ikaze kwa bolti na nati, na katikati ya mbao na chuma tia ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu. Kioo kiwe cha milimita 5 au 6. Chini yake, upande wa ndani, uweke kioo kingine chembamba cha bei ndogo, kama kile cha fremu ya picha. Chembe zitakipiga na kukifanya ukungu; huyu wa chini atabadilishwa mara kwa mara, na kile kizuri kitasalimika.

Kwa mikono, kata vipande viwili vya bomba la plastiki la milimita 160, kila kimoja urefu wa sentimita 6. Pachika katika matundu, uzibe pande zote kwa gundi nzito ya mpira. Vuta glavu ndefu za mpira mnene, zile zinazofika kwapani, ukunje kingo zake juu ya bomba na kuzifunga kwa mshipi wa chuma wa kukazia. Glavu za kuoshea vyombo hazifai. Zitatoboka kwa saa moja.

Taa ya umeme wa nyumba isiingizwe ndani. Tumia taa ya volti 12 kama ya gari, iliyofungwa ndani ya chupa nene, au uangazie kutoka nje kupitia kioo cha pili juu ya pipa. Tena funga waya mnene kutoka katika pipa na katika bunduki mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini penye unyevu. Chembe zikipita mbio katika mpira huzalisha umeme ambao humrusha mtu mkono, na pale penye unga wa magunzi huweza kuwasha moto.

5. FANELI NA BUNDUKI

Faneli hufanywa kwa bati lililolehemiwa. Pande zake ziteremke sana, zaidi ya nusu ya pembe mraba. Faneli ya mteremko mdogo hukusanya chembe pembeni zisishuke. Mwisho wake uwe na chombo chenye kifuniko cha kufungulia, ili chembe zitolewe kazi ikiisha. Juu ya faneli, ndani ya pipa, weka wavu mnene wa chuma wa kulazia kitu kinachosafishwa.

Bunduki ya bei ndogo ni ile ya kunyonya. Hewa hutoka kwa kasi katika tundu dogo na kuingia katika mdomo mpana zaidi, nayo hunyonya chembe kupitia mrija wa pili unaoshuka katika faneli. Mrija huo uwe na kitundu kidogo cha hewa juu ya kimo cha chembe, ili hewa na chembe zichanganyike. Pasipo kitundu hicho chembe huja kwa mafungu mafungu. Mdomo ufanyao kazi nzuri ni ule wenye upana kiasi cha mara mbili ya tundu la hewa. Mdomo hulika, kwa hiyo nunua wa kauri ulio mgumu, na uwe na wa akiba.

6. HEWA

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hawakufanya hesabu. Kwa shindilio la ratili 80 kwa inchi ya mraba, tundu la hewa la milimita 2 hutumia yapata lita 200 za hewa kwa dakika. La milimita 2 na nusu hutumia lita 300 na zaidi. La milimita 3 hukaribia lita 500. Tundu likiwa pana mara mbili, hewa huongezeka mara nne. Kompresa ndogo ya nguvu za farasi 2, kama zile za mafundi wa matairi, hutoa kadiri ya lita 150 hadi 200 tu. Basi anayetumia kompresa ndogo achague tundu la milimita 2, apulize kidogo, angoje tangi lijae, kisha aendelee. Kazi itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Hewa iliyoshindiliwa hutoa maji. Weka chombo cha kutega maji katika bomba kabla ya bunduki, na kila jioni fungua kizibo cha chini cha tangi ili maji yatoke. Usitengeneze tangi la hewa kwa mtungi wa gesi au kwa pipa. Tangi lililopasuka huua. Wala usielekeze hewa hiyo kwenye mwili wa mtu, hata kwa mzaha.

7. KUTOA VUMBI

Hata chembe zifaazo hutoa vumbi, na kutu yenyewe na rangi ya zamani ni vumbi. Hewa inayoingia kwa bunduki ni lazima itoke mahali. Usipoiwekea njia, itatoka kwa kila ufa, ikichukua vumbi mpaka usoni pako.

Toboa tundu la sentimita 5 karibu na mlango, hewa safi iingie. Na jingine upande wa pili, juu, hewa chafu itoke. Mbele ya kila tundu, kwa ndani, weka kibati cha kukinga ili chembe zisirukie nje. Katika tundu la kutokea funga bomba liendalo kwenye ndoo yenye kifuniko, hewa iingie ndoo kwa ubavu na kuzunguka, vumbi zito lianguke humo. Kutoka ndoo hiyo bomba liende kwenye mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la vumbi jembamba. Mashine hiyo ifyonze hewa nyingi kuliko ile inayoletwa na bunduki, ndipo kila ufa utavuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje.

Mashine ya kufyonza ni ghali, na ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu hutamani kukiacha. Asikiache. Chama kisichoweza kuinunua kiahirishe kujenga na kiendelee kutumia brashi ya waya. Rahisi ghali.

8. KUJARIBU KABLA YA KAZI

Funga mlango, washa mashine ya kufyonza na ufungue hewa ya bunduki bila chembe. Washa kitambaa kifuke moshi bila ndimi za moto, ukipitishe polepole pembezoni mwa dirisha, mlango, mikono na faneli. Kabla ya kipimo hiki hakikisha hakuna unga wa magunzi ndani. Moshi ukivutwa ndani, vema. Moshi ukisukumwa nje, pana ufa; uzibe kisha ujaribu tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mapafu haujengwi tena.

9. NAMNA YA KUTUMIA

Sanduku likae nje chini ya paa, mbali na jiko, ghala la chakula na mahali pa watoto. Mfanya kazi avae miwani ya kukinga macho na kifuniko cha pua na mdomo chenye chujio la vumbi jembamba. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi hili. Bunduki iwe mbali na chuma sentimita 10 hadi 15, nayo ielekezwe kwa mshazari, chembe ziruke pembeni zisirudi kwenye mdomo. Kazi ikiisha, acha mashine ya kufyonza iendelee dakika chache ndipo ufungue mlango. Vumbi lililoanguka lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe kavu.

10. VITU VISIVYOFAA KUTIWA

Mashine za zamani sana huenda zilipakwa rangi yenye risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Zisipulizwe. Bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu lisitiwe pia. Bati na ndoo za mabati zitavuliwa zinki yake, na zinki ndiyo izuiayo kutu. Beringi, springi na meno ya gia yatengwe kwanza, na kila tundu lenye kupokea ekseli lizibwe kwa kizibo cha mti, maana chembe moja ikiingia katika beringi itaila. Vyuma vya mashine ya kusagia unga visafishwe kwa brashi na kitambaa chenye maji baada ya kupulizwa, vikaushwe juani, mpaka pasibaki chembe hata moja ya kuingia katika chakula.

11. BAADA YA KUSAFISHA

Chuma kilichopulizwa ni kama ngozi iliyochunwa. Hakina kinga yo yote. Katika hewa yenye unyevu, hasa pwani na wakati wa masika, kutu huanza tena kwa saa chache. Usikishike kwa mikono mitupu yenye jasho. Kifute kwa kitambaa kikavu, na siku ile ile ukipake rangi ya msingi ya kuzuia kutu, au mafuta kama ni sehemu inayolima udongo.

Mkulima, chuma kilicholiwa na kutu huweza kununuliwa kingine, kwa shida. Plau ikifa, jirani ataazima yake. Pumzi haiazimwi. Lijenge sanduku hili kwa pipa kuukuu, kioo cha picha na mpira wa gurudumu bovu, wala usione haya kwa hayo. Lakini fedha utakayoiokoa humo uitumie kununua chembe njema na mashine ya kufyonza vumbi.